Ada ya mtandao isiyotajwa mapema: tathmini ya kampuni moja ya gesi nchini Uingereza

Kampuni ninayoitathmini hapa inauza gesi kwa nyumba za England, Scotland na Wales, na katika mambo mengi inafanya kazi yake vizuri: inahamisha wateja bila usumbufu, bili zake zinasomeka, na bei yake ya msingi ni miongoni mwa zile nafuu. Hata hivyo siwezi kuipendekeza kwa mtu anayeishi katika nyumba iliyojengwa miaka ya karibuni, kwa sababu ina utaratibu mmoja mbaya unaomeza sehemu kubwa ya faida ya kuhamia kwake. Baadhi ya wateja huongezewa ada ya mtandao wa mabomba, ambayo haimo katika bei waliyoonyeshwa walipokuwa wakijiunga, kisha wakiuliza huambiwa kwamba ada hiyo imetoka kwa mwenye mabomba. Maelezo hayo si sahihi, na kosa lake linahitaji kuelezwa kwa urefu. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa mwenye kuelewa jinsi ada hii inavyozaliwa ataitambua kwa muuzaji yeyote atakayekutana nayo.

Niliifikia kampuni hii kupitia tovuti ya kulinganisha bei. Mkataba wangu wa zamani ulikuwa unakaribia kwisha, na kanuni za hapa zinamruhusu mteja kuondoka katika siku 49 za mwisho bila kulipa ada ya kuvunja mkataba, kwa hiyo ulikuwa wakati mzuri wa kutafuta unafuu. Nilijaza msimbo wa posta, anwani, namna ya kulipa na matumizi yangu ya mwaka, ambayo ni kama kilowati-saa 8,000. Jibu lililokuja lilikuwa na zile namba mbili ambazo kila mnunuzi wa gesi huziangalia, yaani bei ya kilowati-saa moja na ada ya kudumu ya kila siku, ambayo mtu huilipa hata asipowasha jiko. Bei ilikuwa imefungwa kwa mwaka mzima, na unafuu niliotajiwa ulikuwa pauni 52 kwa mwaka. Si fedha nyingi, lakini kwa nyumba inayopanga matumizi yake zinatosha kabisa kumfanya mtu ajaze fomu.

Masharti kamili yaliwekwa kwenye kiungo kilicho chini ya ukurasa wa kuthibitisha, baada ya maelezo ya faragha na ya makato ya benki. Katika kifungu cha bei palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba kampuni inaweza kurekebisha bei kwa nyumba ambazo gesi yake hupitia kwa msafirishaji huru. Sentensi hiyo haikutaja kiasi, haikueleza msafirishaji huru ni nani (ni kampuni ndogo inayomiliki mabomba ya mtaa mmoja mmoja, kama nitakavyoeleza mbele), na haikumwonyesha mteja namna ya kujua kama nyumba yake inahusika. Ukurasa uliotangulia, ule wenye bei kwa maandishi makubwa, haukuwa na neno lolote kuhusu jambo hili. Ninalichukulia hilo kwa uzito kwa sababu kampuni haikuwa gizani: ili kunihamisha ilihitaji namba ya utambulisho ya mita yangu, na tarakimu mbili za kwanza za namba hiyo zinaonyesha wazi kama nyumba iko kwenye mtandao mkubwa wa mabomba au kwenye ule mdogo wa msafirishaji huru.

Uhamisho wenyewe ulikwenda vizuri. Tangu Julai 2022 wauzaji wanatakiwa kuukamilisha ndani ya siku tano za kazi, na kampuni hii ilitimiza. Haji fundi, haliguswi bomba, wala gesi haikatiki; kinachobadilika ni nani anayekutumia bili. Waliomba usomaji wa mita wa siku ya kuhamia, wakaupokea, na muuzaji wa zamani akafunga hesabu kwa usomaji uleule, jambo linalozuia ugomvi wa kulipia uniti zilezile mara mbili. Kwa sehemu hii ya huduma ninawapa alama zote.

Bili ya kwanza ilipofika, niliisifu kwanza kwa mpangilio wake. Mita hupima gesi kwa mita za ujazo, ilhali mteja hutozwa kwa kilowati-saa, na bili hii ilionyesha kila hatua ya kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine: mita za ujazo zilizidishwa kwa 1.02264, ambacho ni kirekebisho cha joto na mgandamizo, zikazidishwa kwa kiwango cha nishati kilichomo katika gesi ya eneo letu, kisha zikagawanywa kwa 3.6. Mteja mwenye kikokotoo anaweza kuihakiki hesabu yote akiwa mezani kwake. Chini ya hesabu hiyo ulikuwapo mstari wa ada ya kudumu, kwa kiwango kilekile nilichoonyeshwa. Ukafuata mstari ambao haukuwa katika karatasi yoyote niliyopewa kabla: ada ya mtandao huru, siku 30, peni 10 kwa siku, pauni 3.00. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa nishati ya nyumbani ni asilimia 5, ikaifanya kuwa pauni 3.15.

Kiasi hicho kinaonekana kidogo mpaka kihesabiwe kwa mwaka. Peni 10 kwa siku ni pauni 36.50 kwa mwaka, na pamoja na kodi ni zaidi kidogo ya pauni 38. Kati ya pauni 52 za unafuu zilizonivuta, zilibaki pungufu ya 14. Zaidi ya hayo, ada inayotozwa kwa siku haimjali anayetumia gesi kidogo. Kwa matumizi yangu ya kilowati-saa 8,000, peni 10 kwa siku ni sawa na kuongeza karibu nusu peni juu ya kila kilowati-saa kabla ya kodi. Kwa anayetumia nusu ya hapo, ni karibu peni nzima. Nyumba mpya zina kuta na madirisha yanayozuia baridi vizuri, kwa hiyo wakazi wake wengi hutumia gesi kidogo kuliko wale wa nyumba za zamani, na hao hasa ndio wanaokutwa na ada hii.

Sasa niueleze mtandao wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo ukweli ulipo. Kampuni ya taifa ya gesi ilibinafsishwa kwa sheria ya 1986, na sheria ya 1995 ikatenganisha kazi tatu kwa leseni tatu: kusafirisha gesi kwenye mabomba, kuagiza gesi ipitishwe katika mabomba hayo, na kuiuza kwa mteja. Soko la gesi ya nyumbani lilifunguliwa kwa ushindani hatua kwa hatua kuanzia 1996, likianzia kusini-magharibi mwa England, na kufikia 1998 kila nyumba iliyounganishwa iliweza kuchagua muuzaji. Kinachochaguliwa ni muuzaji tu. Bomba linaloingia nyumbani ni lilelile, na mwenye bomba hulipwa vilevile, yeyote yule anayekuuzia gesi.

Mabomba mengi ya usambazaji leo yako mikononi mwa kampuni nne kubwa: Cadent, SGN, Northern Gas Networks na Wales & West Utilities. Mbali na hizo wapo wasafirishaji huru, wadogo zaidi, ambao hujenga na kumiliki mabomba ya mtaa mmoja mmoja. Mjenzi anapofungua eneo jipya la makazi hutafuta mtu wa kuweka mabomba kwa gharama nafuu. Msafirishaji huru huingia, hujenga, kisha hurudisha fedha zake kidogo kidogo kupitia malipo ya usafirishaji kwa miaka mingi ijayo. Mtandao wake huungana na mtandao mkubwa mahali pamoja, kama barabara ya mtaani inavyotoka kwenye barabara kuu. Anayenunua nyumba hashirikishwi katika uamuzi huo, na mara nyingi hana habari kwamba umewahi kufanyika.

Kabla ya 2004 wasafirishaji hao waliweza kutoza zaidi ya mtandao mkubwa, na baadhi ya wauzaji waliipitisha tofauti hiyo kwa wateja kama ada ya ziada. Wakati ule ada hiyo ilikuwa na mantiki, hata kama ilimuumiza mteja: gharama ilikuwapo kweli, na mtu alilazimika kuibeba. Mdhibiti wa soko, Ofgem, ndiye aliyelibadilisha jambo hili. Kuanzia tarehe 1 Januari 2004 malipo ya msafirishaji huru kwa maeneo mapya yaliwekewa udhibiti unaoyafunga na yale ya mtandao mkubwa wa eneo husika. Hesabu yake ni kwamba muuzaji hulipa sehemu moja kwa mtandao mkubwa, kwa kuifikisha gesi hadi pale mitandao miwili inapoungana, na sehemu nyingine kwa msafirishaji huru, kwa kuitoa hapo hadi kwenye mita. Na jumla ya sehemu hizo mbili inatakiwa ikaribiane na kile ambacho mteja kama huyo angetozewa kama nyumba yake ingeunganishwa moja kwa moja na mtandao mkubwa. Maeneo yaliyounganishwa kabla ya tarehe hiyo yaliendelea kwa muda na viwango vya zamani. Mtaa wetu ulijengwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo hata hoja hiyo haituhusu.

Udhibiti huo, hata hivyo, ulimbana msafirishaji, muuzaji haukumgusa. Muuzaji anayeuza mkataba wa bei iliyofungwa hupanga bei yake mwenyewe, na akitaka kuongeza peni 10 kwa siku kwa kundi fulani la nyumba, huziongeza kwa uamuzi wake. Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na lugha ya kampuni hii. Kuuita mstari ule ada ya mtandao ni kumfanya mteja aamini kwamba fedha zinapita tu mikononi mwa muuzaji kuelekea kwa mwenye bomba, ilhali mwenye bomba hapati chochote zaidi ya kile kilichowekewa mpaka.

Wapo watakaosema kwamba muuzaji hawezi kuzitenganisha gharama za mtandao na gharama zake nyingine. Bei zisizofungwa zinaonyesha kwamba anaweza kuishi bila ada hii. Tangu Januari 2019 mteja aliye kwenye bei ya kawaida ya muuzaji analindwa na kikomo cha bei kinachopangwa na Ofgem, na ndani ya kikomo hicho gharama za mitandao zimeshakadiriwa. Kikomo hutofautiana kwa mikoa 14, kwa namna ya kulipa na kwa aina ya mita. Hakina jedwali la pekee la nyumba zilizo kwenye mitandao huru. Maana yake ni kwamba mteja wa mtaa wetu akikaa tu kwenye bei ya kawaida, muuzaji huyohuyo humhudumia bila kuvuka kikomo kinachowahusu majirani wa mtaa wa zamani. Kama anaweza kumhudumia hivyo kwenye bei ya kawaida, gharama hiyo ya pekee inayozuka mteja anaposaini bei iliyofungwa inatoka wapi?

Niliiuliza kampuni swali hilo, kwanza kwa simu na baadaye kwa maandishi. Wahudumu wake ni watu wastaarabu, wanaosikiliza na wanaopiga simu wakiahidi kupiga, na sina lolote baya la kusema juu yao. Walisoma maelezo waliyopewa. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba wasafirishaji huru hutoza zaidi, nayo nimeshayajibu hapo juu. Nilipotaja udhibiti wa 2004 yakaja ya pili, kwamba ada inalipia huduma ya dharura. Hayo nayo hayasimami. Anayesikia harufu ya gesi popote katika England, Scotland au Wales hupiga namba moja ya taifa, 0800 111 999, bila kujali muuzaji wake wala mmiliki wa bomba la mtaani kwake, na kazi hiyo ni wajibu wa wasafirishaji, ambao wale wadogo huitimiza kwa makubaliano na mitandao mikubwa. Imeshalipiwa ndani ya malipo ya usafirishaji. Kumtajia mteja usalama wake ili akubali ada ni jambo ambalo kampuni inapaswa kuliondoa mara moja katika maelezo ya wahudumu wake.

Maelezo ya tatu yalikuwa na chembe ya ukweli wa zamani, na kwa haki niyape nafasi yake. Waliandika kwamba kumhudumia mteja wa mtandao huru kuna kazi zaidi ya ofisini. Kuna wakati ilikuwa hivyo: kila msafirishaji huru alitunza daftari lake la mita, taarifa zilitumwa kwa mafaili tofauti kwa kila mmoja, makosa yalikuwa mengi, na wapo wauzaji waliosita kuzichukua nyumba hizo. Lakini tarehe 1 Juni 2017 mfumo mpya wa kumbukumbu za gesi ulianza kazi, ukiendeshwa na Xoserve, na nyumba za mitandao huru ziliingizwa humo pamoja na zile za mitandao mikubwa. Tangu hapo muuzaji humhamisha mteja wa mtaa wetu kwa njia ileile anayomhamishia mwingine yeyote. Uhamisho wangu uliokamilika ndani ya muda ni ushahidi wa hilo, na ushahidi huo kampuni yenyewe ndiyo iliyoutoa.

Jambo hili lilinigusa zaidi nilipoliona nyumbani kwa jirani yangu, mama mstaafu ambaye huwa tunazungumza Kiswahili tukikutana. Alinionyesha bili yake, karatasi imekunjwa mara nne, na kidole chake kikasimama kwenye mstari uleule.

“Mwanangu, hii si kodi ya serikali?”

“Hapana, mama. Kodi ni hii ya chini, asilimia 5. Hii ya juu ni bei ya kampuni.”

“Basi mimi nimekuwa nikizima hita ya chumbani ili niifidie.”

Gesi anayotumia ni kidogo sana, hasa ya kupikia na kupasha joto sebule jioni. Mtu wa namna hiyo hawezi kuipunguza ada ya siku kwa kujibana. Anaweza kukaa na baridi mwezi mzima na pauni 3.15 zikawa palepale. Bili yenye mpangilio mzuri kiasi kile haikumwambia jambo la msingi, yaani kwamba mstari ule ni uamuzi wa muuzaji na kwamba kwa muuzaji mwingine huenda asiukute.

Niliwasilisha malalamiko rasmi kwa barua pepe, nikiambatisha picha ya ukurasa wa bei niliyoonyeshwa na nakala ya bili. Kwa kawaida kampuni hupewa wiki nane kulimaliza lalamiko; zikipita, au ikiandika mapema kwamba pande mbili zimeshindwa kukubaliana, mteja anaweza kulipeleka kwa msuluhishi wa migogoro ya nishati bila kulipa chochote. Sikulazimika kufika huko. Kampuni ilirudisha ada yote iliyokuwa imekata, ikaniruhusu kuondoka bila ada ya kuvunja mkataba, na ikaandika kwamba inafanya hivyo kwa hisani. Neno hilo sikulikubali, na niliwajibu hivyo kwa heshima. Fedha iliyokatwa kwa bei ambayo mteja hakuonyeshwa ni haki yake kurudishiwa, na kuirudisha kwa anayelalamika peke yake, huku mstari ukiendelea kuchapishwa kwenye bili za mtaa mzima, hakurekebishi huduma. Mama jirani naye alirudishiwa, baada ya sisi wawili kukaa mezani kwake na kuandika barua yake. Wengine mtaani sina hakika kama wameandika. Nimewapa maelezo haya.

Kwa anayefikiria kuhama, sio kwa kampuni hii tu, kuna mambo ya kufanya kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha. Chukua bili yako ya gesi utafute namba ya MPRN, ambayo ni utambulisho wa mahali mita yako inapopokelea gesi. Usiichanganye na namba iliyobandikwa kwenye mita yenyewe. Kama ina tarakimu 10 na inaanza na 74, 75, 76 au 77, uko kwenye mtandao wa msafirishaji huru. Asiye na bili, kwa mfano aliyehamia juzi, anaweza kuitafuta namba hiyo kwa anwani yake kupitia huduma ya mtandaoni ya Xoserve, ambayo pia humtajia muuzaji wa sasa na mwenye bomba.

Ukishajua uko kwenye mtandao huru, mwulize muuzaji mpya kwa maandishi: je, kwa MPRN hii, bei ya kilowati-saa na ada ya siku ulizonionyesha ndizo nitakazotozwa, bila nyongeza yoyote ya mtandao? Taja namba yako katika swali. Jibu la jumla, la aina ya “bei zetu ni za ushindani”, halina faida kwako, na muuzaji asiyetaka kujibu ndiyo au hapana amekwisha kukujibu. Jibu la ndiyo lihifadhi, kwa sababu ndilo litakalobeba lalamiko lako ikiwa mstari huo utatokea. Na kama ulishasaini, kumbuka kwamba una siku 14 za kutafakari, ambamo unaweza kujitoa bila adhabu; tatizo ni kwamba bili ya kwanza mara nyingi hufika zikiwa zimeshapita, na ndiyo maana swali linapaswa kutangulia saini.

Pia usiichanganye ada hii na mambo mengine yanayofanana nayo. Ada ya kudumu na bei ya uniti hutofautiana kihalali kati ya mkoa na mkoa, kwa kuwa gharama za mitandao mikubwa zenyewe hutofautiana, kwa hiyo ndugu yako aliyeko mji mwingine anaweza kulipa tofauti na wewe kwa mkataba uleule, pasipo kosa la mtu. Ada ya kudumu yenyewe hubeba mambo mengi: mita, usomaji wake, sehemu ya mabomba, na kwa muda ilibeba hata gharama za kuwapokea wateja wa kampuni zilizoanguka 2021, ambazo zilipitishwa kwa wateja wote kupitia malipo ya mitandao. Unaweza kuyalalamikia hayo yote ukitaka, na sababu zipo, lakini yanatozwa wazi na yamo kwenye bei unayolinganisha. Mstari ninaouzungumzia hapa haumo kwenye bei hiyo, kwa hiyo unaiharibu hata kazi ya tovuti za kulinganisha: muuzaji mwaminifu aliyeweka bei yake yote hadharani huonekana ghali kuliko yule aliyeacha pauni 38 zije baadaye.

Kwa hiyo alama zangu haziwezi kuwa moja kwa watu wote. Mwenye namba isiyoanza na hizo nne nilizotaja atapata huduma ya nyota nne kati ya tano: uhamisho wa haraka, bili iliyo wazi, wahudumu wenye adabu, na nyota moja ninaiondoa kwa maelezo ya huduma ya dharura, ambayo hayakupaswa kutolewa kwa mteja yeyote. Mwenye namba ya 74 hadi 77 ninampa nyota moja tu, na hiyo ni ya uhamisho. Mimi nimeshahamia kwa muuzaji mwingine, ambaye bei yake ya uniti iko juu kidogo na ambaye alijibu swali langu la MPRN kwa sentensi moja siku hiyohiyo. Kampuni hii ikiiweka ada hiyo ndani ya bei inayoonekana kabla ya mteja kusaini, au ikiiondoa, nitairekebisha tathmini hii na kuongeza nyota zake.